Jina la Taulo la Mwambaleni

Haya, kaeni, kaeni karibu, na mwenye mtoto amtazame kwanza alipo, kisha tuendelee, maana hii ni hadithi ya mtoto na upepo na taulo, na mwisho wake haujapatikana hadi leo, nyinyi ndio mtakaoutafuta.

Katika kijiji cha Mwambaleni, pwani ya mashariki ya Unguja, walikuwako wanawake watatu waliofanya kazi ukumbi mmoja, na kila mmoja alijaaliwa chake.

Bi Mize alijaaliwa vidole. Alikuwa mfumi wa vikoi tangu hajaolewa, na sasa ana wajukuu. Mpe kitambaa naye kafumba macho, atakwambia uzi umekazwa wapi na umelegezwa wapi. Humpelekei kitambaa kizito akakisifu. "Nguo isiyopitisha pumzi," husema, "hiyo ni ukuta."

Kazija alijaaliwa mshono. Fundi cherehani, mrefu, mdomo wake haupumziki. Alichokishona Kazija hakifumuki. Watu wa Mwambaleni husema suruali ya mumewe itachakaa yote, ibaki mishono mitupu inakwenda sokoni peke yake.

Raya alijaaliwa rangi. Ndiye mdogo wao, miaka ishirini na mbili, amemaliza kidato cha nne. Herufi alizikata kwenye maboksi kwa wembe, akazipaka rangi juu ya nguo, na rangi yake jua la mwaka mzima haliifubazi. Tena alikuwa na kitu kingine, ambacho hakukiomba: hofu. Tangu ajifungue Sabra, ambaye sasa alikuwa na miezi saba, Raya hakuwa na raha. Mtoto akilala mchana, Raya humwekea kidole chini ya pua asikie pumzi. Akipiga chafya, moyo wa Raya unaruka. Kazija akimcheka: "Shoga, huyo mtoto si yai!"

Basi siku moja akaja Bwana Ambakisye, meneja wa hoteli ya pale ufukweni, mtu wa Mbeya, mpole, mweusi wa kung'aa, akaketi kwenye mkeka na kujifuta jasho.

"Mama zangu, nimechoka na mataulo," akasema. "Yale ya bafuni hayafai pwani. Yanabeba mchanga mpaka vitandani. Yakilowa leo, yanakauka keshokutwa. Na upepo wa kwenu huu! Jana nimeyafuata mataulo manne kwenye mwani, yamejizungusha kwenye vijiti, wanawake wa mwani wananicheka. Nitengenezeeni taulo la pwani. La pwani kweli."

Akawaachia barua. Kwa kuwa Raya ndiye msomaji, akaisoma: taulo liwe jepesi, lisishike mchanga, lisipeperuke, lionekane kwa mbali, na chini kabisa, *kila taulo liandikwe jina*.

Bi Mize akafuma. Uzi wa pamba, mwembamba, mlegevu, mchanga ukimwagwa juu unapita kama kwenye chekecheke, na ukiukung'uta mara moja umekwisha. Likalowa asubuhi, likakauka kabla ya adhuhuri.

Kazija akashona. Kila pembe akaweka mfuko wenye mdomo wa kukunja, kuujaza mchanga wa palepale ulipo, ukiondoka unaumwaga. Akapiga mshono mara tatu. "Hili," akasema, "hata upepo wa chamchela hauling'oi."

Raya akapaka rangi. Manjano ya kiini cha yai, na upande mmoja, kwa wekundu, herufi ndefu kama kiganja. Maana barua ilisema jina, na pwani jina la nguo si jina la mtu. Jina la nguo ni maneno yake, kama ya kwenye kanga. Bila maneno nguo imekufa. Wakakaa wakatafuta jina. Kazija akataka la kumchoma wifi yake, wakamkataza. Mwisho Raya akamtazama Sabra anayejificha nyuma ya mguu wa meza, akichungulia na kucheka, akaandika: NIKO HAPA.

Siku ya kulijaribu, wakati wa alasiri, wakateremka wote pwani. Bwana Ambakisye akalikunjua, akasoma, akacheka hadi akaushika mti wa banda la makuti lililo karibu.

"Nani yuko hapa?"

"Si umetaka jina?" akauliza Raya.

"Jina, dada! Jina la fundi! Mtu! Mgeni ajue nani kalitengeneza!"

"Mtume!" akasema Bi Mize. "Sasa mtu akaandikwe kwenye taulo, ni mzigo wa meli huo?"

Wakacheka sana. Ndipo mlipotakiwa kucheka na nyinyi, na mmemaliza.

Wakalitandika karibu na banda hilo, ambapo wanawake wa mwani huanika mwani wao. Wakajaza mifuko mchanga. Jua kali. Sabra akapitiwa na usingizi begani kwa mamake, na Raya, ambaye hajapata kumweka mtoto huyu chini nje ya nyumba, hajapata hata siku moja, akasita.

"Mlaze tu," akasema Kazija. "Nimekwambia halitoki hilo. Mlaze upumzishe mgongo."

Akamlaza. Taulo ni kubwa, akamfunika kwa nusu yake, jua lisimpige, na upande aliomfunika ulikuwa na maandishi juu. Akakaa naye. Akaweka kidole. Anapumua.

"Raya!" Bi Mize akaita kutoka juu, penye kisima, alikotangulia na Kazija na Bwana Ambakisye. "Niletee beseni, mwanangu, tulijaribu kwa maji na hili taulo la pili nililofuma!"

Hatua thelathini. Labda arobaini. Alichukua beseni, akageuka.

Hakuona upepo, aliona mchanga umesimama. Umesimama kama mtu, mrefu, unazunguka, unatoka upande wa hotelini, na mbele yake mikeka, ndoo, mataulo meupe ya hoteli yanapaa kama yangeyange, na kabla hajalitupa beseni, kabla hajapata hata sauti, banda lile likanyanyuka. Paa zima. Likasimama hewani, wallahi lilisimama, kisha likashuka upande aliolala mtoto, makuti na miti na mwani mkavu na mchanga juu yake, na chamchela ikaenda zake baharini kana kwamba haikufanya kitu.

Kimya.

Pale alipokuwa Sabra hapakuwa na pale. Palikuwa na kilima. Vilima vitatu, vinne, vyote sawa, vyote kahawia. Raya alikimbia na hakujua anakimbilia kipi. Akafukua huku, akaacha, akafukua kule, kucha zikang'oka, watu wakaja, kila mtu anafukua pake, na yeye anapiga kelele, na katika kelele hizo, mbele ya wote, akasema:

"Atakayenirudishia mwanangu, taulo hili ni lake! Jina lake ndilo litakaloandikwa, jina lake peke yake, naweka nadhiri mbele ya Mungu, mnisikie nyote!"

Wakamsikia wote.

Bwana Ambakisye alikuwa amesimama, mikono kichwani, hajui aanzie wapi. Kati ya makuti mawili, kwenye tundu lisilozidi sahani, akaona manjano, na juu ya manjano, wekundu. Akasoma kwa sauti, kama mtu anayesoma ubao: "HAPA." Kisha akapiga ukelele: "Hapa! Hapa! Yuko hapa!"

Wakaondoa mti, wakaondoa makuti. Mifuko minne ilikuwa kwenye pembe zake nne, haikusogea hata kidole, na miti iliyoanguka ilikuwa imeegemeana juu ya taulo, pembeni kidogo tu, mtoto angeviringishwa kwa upepo dhiraa moja ingempiga. Juu ya kitambaa, vumbi la mchanga. Chini yake, Sabra. Uso wake umefunikwa na nguo, na nguo inapanda, inashuka, inapanda. Raya alipomfunua, akapiga chafya, akakasirika, akalia.

Raya hakulia. Alikaa chini akiwa amemkumbatia, hakumwachia hadi ilipopita magharibi.

Bwana Ambakisye akatangaza: hoteli italichukua taulo hili, na fundi ambaye jina lake litakuwa pindoni ndiye atakayekuwa mkuu wa karakana mpya ya mataulo itakayofunguliwa. "Mimi nisihesabiwe," akasema. "Mimi nilisoma tu."

Raya akaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akamuuliza kama anaweza kuandika majina matatu. Mwalimu akasema, "Ulitamka nini, mwanangu?" Akamwambia. "Basi ulisema peke yake. Itimize ulivyoitamka, na usipite Ijumaa."

Hapo hofu ikarudi yote, tena imezidi. Maana Raya anaamini, na nani atamlaumu, kwamba nadhiri hii imefungwa kwenye pumzi ya Sabra, na akimpa asiyestahiki, itakuja kudaiwa kwa mtoto.

"Ni mimi, mwanangu," akasema Bi Mize, si kwa kujivuna. "Ningefuma zito kama yale yao, mngemkuta mahali pake, na maandishi yake juu, na pumzi hana."

"Pumzi ya mtoto aliyepeperuka?" akadakia Kazija. "Ingefaa nini? Na nani aliyemwita Raya alete beseni? Si wewe, Bi Mize? Mishono yangu ndiyo iliyomshika mtoto, mamake alipoondoka!"

"Na nani aliyemwambia mlaze tu, halitoki?" akajibu Bi Mize. "Bila maneno yako angekuwa begani."

Kazija akashusha sauti, kitu ambacho hakikupata kuonekana Mwambaleni. Kisha akasema polepole, "Na Raya je? Asingeandika yale, tungekuwa bado tunafukua kilima cha tatu."

"Mie nilikosea," akasema Raya. "Niliambiwa jina nikaandika jina silo. Tena ni mie niliyemwacha."

"Kosa lako ndilo lililosomwa," akasema Kazija.

"Sasa nijilipe mwenyewe nadhiri yangu? Kwa mtoto niliyemwacha mwenyewe?" Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili. "Na nikijitoa kwa kuona haya, na kumbe ni mie?"

Bi Mize akashika uzi, Kazija akashika sindano, wakamfanyia taulo jipya.

Leo ni Alhamisi. Taulo jipya limetandikwa mbele ya Raya, pindo tupu, rangi imekorogwa. Mmoja alimpa mtoto pumzi, naye ndiye aliyemwita mama mbali. Mmoja alimshika mtoto asipeperuke, naye ndiye aliyesema alazwe. Mmoja alifanya mtoto aonekane, kwa kosa, naye ndiye mama aliyeondoka. Toa mmoja wao, Sabra hayupo.

Brashi iko mkononi mwake. Haya, nyinyi mlioketi na wana wenu mapajani, msinitazame mimi, mtazameni yeye, mwambieni: aandike jina la nani?