Nani Kauokoa Ukuta wa Nakijwa?

Sogeeni, jamani, na mwenye usingizi aende kwao mapema. Mwishoni nitawadai jibu, na sitaki kusikia mtu ananiambia alikuwa amesinzia.

Huko juu, milima ya Upare, walikuwapo majirani watatu, kila mmoja na kipaji chake. Namcha, mfinyanzi wa vyungu, aliujua udongo kwa ulimi. Aliuonja, akatema, kisha akakuambia huu utapasuka na huu utashika. Kajiru, mchoma chokaa, alijaliwa subira inayoudhi watu. Ukimwambia afanye upesi, anatafuta kwanza pa kukaa. Na Mbonea, aliyesugua sakafu za watu kwa jiwe la mtoni, alikuwa na viganja visivyokubali kuacha mkwaruzo. Sahani aliyoiosha Mbonea ungeweza kujitazamia uso.

Jirani yao wa nne alikuwa mama mjane, Nakijwa, na shida yote ilianzia kwake, au tuseme kwenye ukuta wake.

Nyumba ya Nakijwa ilikuwa ya matofali mabichi, aliyoyafyatua yeye na marehemu mumewe wakiwa bado vijana. Ilikuwa nyumba nzuri, ila ukuta mmoja ulitazama upande inakotoka mvua, na kila masika mvua iliumega. Aliwahi kuupiga plasta ya saruji. Mwaka wa kwanza watu walikuja kuutazama. Mwaka wa pili maji yalipenya nyuma ya saruji yakakosa pa kutokea, plasta ikavimba, ikabanduka vipande vipande kama ukoko chunguni, na kila kipande kikaondoka na udongo wake.

"Jenga upya kwa matofali ya kuchoma," wakamshauri.

"Kuni nitatoa wapi? Nikaukate msitu ulio juu ya chemchemi?" akajibu. Yeye mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Basi uzungushie mabati."

"Nilale ndani ya debe, mimi?"

Ndipo mwanawe Eliamini akapiga simu kutoka mjini. "Mama, masika ijayo nakuja na lori. Nikiukuta ukuta umemegwa tena, tunapakia vyombo, unakuja kukaa kwangu. Sitaki kuambiwa umeangukiwa na nyumba."

Nakijwa aliipenda familia ya mwanawe, lakini kuishi mjini, ghorofa ya tatu, bila ng'ombe wala bustani, alikuona ni kuzikwa akiwa anapumua. Aliogopa, na hakuona haya kusema. Jioni ile ile aliwaita wale majirani watatu.

"Nina mtamba mmoja tu, yule ng'ombe mwekundu asiyezaa bado, mnayemjua," akasema. "Atakayeuokoa ukuta wangu, ni wake."

Mtamba! Macho yaliwatoka wote watatu. Kila mmoja akadai ukuta ni kazi yake peke yake, wakaugawana sehemu tatu, kila mtu na kipande chake, na mvua za vuli zikaachiwa ziamue. Zikaamua kweli. Udongo wa Namcha haukupasuka hata mstari, ila uliyeyuka ukatiririka bustanini. Chokaa ya Kajiru haikuyeyuka, ila iliukataa ule udongo wa zamani, ikadondoka yote kwa siku moja. Mbonea yeye alikuwa ameupaka ukuta utomvu wa mpungate, ule mmea mnene wa miiba, na kuusugua mpaka kuku wakawa wanadonoa sura zao humo. Siku ya nne ile ngozi ya kung'aa ikajikunja, chini yake kukabaki vumbi.

Mngewaona walivyotupiana maneno! Nakijwa aliwaacha wachoke, kisha akasema, "Wewe umeshika bila kuzuia maji. Wewe umezuia maji bila kushika. Na wewe umeng'aa juu ya kitu kibovu. Anzeni tena, mmoja juu ya kazi ya mwenzake."

Namcha akaanza. Udongo wa bonde haukumridhisha, wa mtoni ukamkera, mwisho akarudi kwenye shimo lake mwenyewe la kufinyangia, akachimba udongo mzuri wote aliokuwa amejiwekea. Akaukanyaga kwa miguu pamoja na mchanga na nyuzi za katani mpaka ukakubali, akaukandika ukutani. Miezi miwili baadaye alikuwa bado hana udongo wa kutengenezea hata chungu kimoja.

Kajiru naye alichoma mawe yake kwa magunzi na matawi yaliyojiangukia, bila kugusa mti uliosimama. Chokaa akailoweka shimoni, akakaa. Siku ikapita, wiki ikapita. Mawingu yakaanza kukusanyika, na Nakijwa akaja akilia kabisa.

"Kajiru, mwanangu, mvua hiyo!"

"Bado, mama. Nikiipaka leo itakucheka mwezi ujao."

Siku arobaini! Alilala kando ya lile shimo ili mtu asije akaichota, na wenzake walipokuwa wakipanda mahindi, shamba lake lilibaki tupu. Ndipo akaipaka, na safari hii chokaa ikaung'ang'ania udongo wa Namcha.

Mbonea akawa na siku tatu tu kabla ya mvua. Aliteremka tambarare kukata mpungate, akarudi viganja vimejaa miiba, akachanganya utomvu na chokaa, akaanza kusugua kwa jiwe lake toka juu mpaka chini, shubiri kwa shubiri. Siku ya tatu jiwe lilikuwa na damu. Tone la kwanza la mvua lilimkuta akimalizia kona ya mwisho.

Masika ikashuka, na si ya mchezo. Mvua ilipiga siku tisa, ikivurumishwa na upepo. Nakijwa alikaa ndani, kiganja chake kimeshika ukuta, akisubiri unyevu. Siku ya kwanza, mkavu. Siku ya tano, mkavu! Siku ya tisa alitoka nje mvua ikimnyeshea, akaona maji yanateleza ukutani na kuanguka chini, na ukuta uko vile vile, mweupe, mzima. Alipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakata kamba.

Mvua ilipokatika, lori la Eliamini likapanda mlima. Alishuka, akaugonga ukuta kwa ngumi. Akatoa ufunguo akajaribu kuuchokoa, ufunguo ukapinda. Akacheka kwa sauti, akamkumbatia mama yake.

"Basi, mama, nimeshindwa. Lori linarudi tupu. Lakini nani kafanya hivi?"

Nakijwa akageuka kuwatazama wale majirani watatu.

"Mimi ndiye ninayeushika," akasema Namcha. "Nitoe mimi, wote hawa wako chini."

"Mimi niliwazuia nyote mlipotaka kuharakisha," akasema Kajiru. "Chokaa mbichi ingemtoa mama nyumbani kwake."

"Mvua ilipokuja ilikutana na nani?" akauliza Mbonea, akiinua viganja vyenye makovu. "Na mimi."

"Mtamba akizaa, ndama mtagawana," akajaribu Eliamini.

"Maziwa tutapeana, sisi ni majirani," akasema Namcha. "Tunachotaka mama atamke ni nani aliyeiokoa nyumba yake."

Watu wamejaa uani. Nakijwa ameingia zizini, ametoka na mtamba mwekundu, ana furaha, na anaogopa, kwa sababu anawahitaji wote watatu na atazeeka nao hapo hapo. Mikono mitatu imenyooshwa mbele yake: mmoja wa udongo, mmoja wa chokaa, mmoja wa makovu. Kamba anayo yeye.

Haya, wewe uliyekuwa unatingisha kichwa tangu mwanzo, simama. Je, wewe ungemkabidhi nani ile kamba?