Mzani Uliokaa Kilimani

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1978, Bwana Ambokile Lazaro Mwansasu, msimamizi wa shamba moja la chai huko Rungwe, alibandika tangazo mlangoni mwa ofisi yake: kuanzia siku hiyo, kila mchumaji atachuma kilo arobaini kwa siku. Hakumwuliza mtu. Alikuwa amepokea barua kwamba sehemu yake isipofikia kiasi hicho ifikapo Ijumaa, tarehe 28 Aprili, itafungwa, na wachumaji themanini watarudi makwao.

Wapendwa, mwajua ilivyokuwa? Baada ya majuma matatu wastani ulikuwa kilo thelathini na moja. Msimamizi akaongeza wanyapara, akaongeza makaripio, na kilo zikabaki palepale.

Jumanne ya tarehe 4 Aprili aliteremka bondeni mwenyewe, viatu vyake vimeng'arishwa, akawauliza wachumaji ni nani kati yao aliye mvivu, ajitaje. Watu wakainamia majani. Ndipo mama mmoja, mchumaji wa miaka mingi, alipoteremsha kapu lake mgongoni na kuliweka mbele yake.

"Bwana Msimamizi," akasema, "nipelekee hili kwenye mzani, kisha urudi utuulize tena."

Wenzake wakaguna kwa hofu. Lakini yule bwana, ama kwa kiburi ama kwa neema, akalibeba. Mzani ulikuwa juu kilimani, kando ya ofisi, ili yeye auone akiwa kitini. Njia ilikuwa ya utelezi. Alipumzika mara mbili, akaanguka mara moja, na alirudi baada ya nusu saa, suruali imejaa tope. Mchumaji hupanda njia ile mara tatu kila siku. Je, katika miaka sita ya usimamizi wake, alikuwa amelijua hilo? Hakulijua. Tangazo lake lilihesabu majani, halikuhesabu kilima.

Hakuuliza tena habari za uvivu. Aliketi juu ya jiwe, akawauliza wao wanaona lengo liwe kilo ngapi. Kwanza walicheka, wakidhani anawatega. Kisha wakajitenga kando, wakabishana kitambo, na yule mama akarudi na jibu: mzani uteremshwe bondeni, nao watachuma arobaini na sita.

"Mama, arobaini zangu zimewashinda," msimamizi akasema. "Mnajitwisha arobaini na sita?"

"Zile zilikuwa zako, bwana. Hizi ni zetu."

Kesho yake mzani ulikuwa bondeni. Na Ijumaa ile ya tarehe 28 hapakufungwa kitu. Wachumaji waliimba tangu mistari ya michai iliyo juu hadi iliyo chini, na wastani wao ulikuwa kilo arobaini na saba.

Ndugu zangu, na sisi je? Ni mara ngapi tumewatangazia wanakwaya nyimbo kumi kabla ya Pasaka bila kuwauliza wanatoka kazini saa ngapi? Wewe uliye mkuu wa idara, wewe uliye baba wa nyumba, mzani wako umekaa karibu na nani? Tusiwaite watu wavivu kabla hatujabeba kapu lao. Tuwaulize kwanza, nasi tuwe tayari kusikia wakitaja kiasi tusichothubutu kukitaja sisi.

Namalizia kwa sahihisho. Mzee mwenzangu wa mtaa wa jirani husimulia habari hii akisema kwamba msimamizi aliwahurumia wachumaji, akawashushia lengo hadi kilo thelathini. Namheshimu sana mzee huyo, ila hapo amekosea. Lengo halikushushwa hata kwa kilo moja. Kilichoshushwa ni mzani.