Nyenje Aliyehesabu Gizani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa pori lenye kompyuta moja na Fisi mmoja. Sogeeni. Nimezunguka nchi nyingi na nikapotea katika zote, lakini njia ya pori hili naijua.

Tangu kompyuta iletwe porini, hakuna mnyama aliyehesabu siku tena. Waliuliza kioo chake, "Leo siku ya ngapi?" Kioo kikisema, wakaitika. Na swichi ya umeme ilikaa kwa Bwana Fisi.

Mume wa Bi Kanga akafa. Wakazika, wakaweka matanga. Desturi ya pori ni kwamba mfiwa hupikia waombolezaji mpaka siku ya kuanua matanga, kisha huosha uso akapumzika. Fisi akala kunde, akala ugali, akalamba mwiko. Siku ya kuanua ilipokaribia, akazima swichi, ta! Akawasha, ta! Kompyuta ikaamka imesahau yote, ikaanza upya: siku ya kwanza.

"Poleni, jamani!" Fisi akalia, bakuli mkononi. "Marehemu amekufa leo!"

Bi Kanga akalia upya, akapika upya. Ta! Ta! "Poleni, jamani!" Akalia, akapika. Ghala likabaki vumbi. Vifaranga wake wakalala na maji matupu tumboni.

Jirani yake, Nyenje, akamuuliza, "Mama, mtu hufa mara ngapi?"

"Sijui, mwanangu. Kioo kimesema."

Nyenje akaenda kukaa ukingoni mwa bakuli la Fisi. Kri, kri, kri!

"Nyamaza, nakula!"

Kri, kri, kri!

"We mdudu, hunyamazi?"

"Sinyamazi, bwana mkubwa, labda unifungie mahali."

Fisi akafungua kompyuta, akamsukumia ndani, akakaza skrubu. "Haya, imbia humo!"

Kumbe ndiko alikotaka. Fisi akazima swichi, ta! Giza. Nyenje hakuwa na chakula ila kile cha tumboni. Akakitumia kidogo kidogo, akiihesabia kompyuta: kri... kri... kri...

Asubuhi Fisi akawasha. "Poleni, jamani! Marehemu amekufa..."

Kioo kikasema, "Leo ni siku ya kuanua matanga."

Na desturi ni kwamba anayetangaza matanga yasiyokuwapo, huyapikia yeye. Fisi akapikia pori zima, machozi ya moshi yakimtiririka.

Bi Kanga akaosha uso. Kisha akaanza kudonoa skrubu. "Toka, mwanangu."

"Niache, mama. Nikitoka, kesho mumeo atakufa tena."

Akamwacha. Miaka ikapita, kri ikawa nyembamba. Asubuhi moja umeme ukakatika wenyewe, ukarudi. Kioo kikasema: siku ya kwanza.

Bi Kanga akatega sikio kwenye kompyuta. Kimya. Akabandika sufuria.

Wa kwanza kufika na bakuli alikuwa Fisi. Akapakuliwa, kwa kuwa matanga haya yalikuwa ya kweli.

Ndiyo sababu hadi leo ndani ya kompyuta hutiwa betri ndogo ya duara, ihesabu wakati umeme umelala. Nayo ikifa, kompyuta husahau siku.

Funzo? Msipige kelele watu wakila. Na subira huvuta heri, muulizeni Fisi.

Ngano yangu imezimika hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi, safari zimeshanizoesha.