Ua la Mwisho Jabalini

Paukwa!

Pakawa!

Wenye masikio wasogee, wenye midomo waifunge! Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na desturi ya harusi. Mchumba hapewi mke mpaka apande jabalini, ang'oe ua jekundu na mizizi yake, amletee mama mkwe. Ati ndoa iote mizizi! Basi waking'oa, waking'oa, waking'oa, mpaka jabali zima likabakiwa na ua moja tu.

Mama Kanga alikuwa na binti, mzuri wa madoadoa. Wachumba watatu wakapiga hodi: Nyani, Mbweha na Pimbi. Mama Kanga akasema, "Atakayeleta ua, mke ni wake."

Nyani akapanda mbio. Aliponyoosha mkono, ua likaimba:

"Niache, niache jabalini,
wanangu wamo tumboni!"

"Imba tu," akasema Nyani. Lo! Nyuki wakamvamia. Akaporomoka kwa makalio mpaka chini, na makalio yake ni mekundu hadi leo.

Mbweha, mvivu yule, hakupanda. Alichuma ua la boga bondeni, akalipaka udongo mwekundu. Mama Kanga akalidonoa. "Mbweha baba, hili si ua la harusi, hii ni mboga!" Wote wakacheka hadi wakashika mbavu.

Pimbi akapanda. Ua likaimba:

"Niache, niache jabalini,
wanangu wamo tumboni!"

Pimbi alimpenda sana binti Kanga, mkono ukamwasha kuling'oa ua. Lakini akauliza, "Nikikung'oa, wanao watazaliwa wapi?" Pimbi akashuka mikono mitupu, machozi yanamlengalenga.

"Ua liko wapi?" akauliza Mama Kanga.

"Liko kwao, mama. Nimeshindwa kuliua. Twende nikuonyeshe."

"Mimi, mama mkwe mzima, niparamie majabali?"

"Twende, mama," akasema binti, "au unataka niolewe na boga?"

Mama Kanga akapanda, analalamika njia nzima. Walipofika, upepo ukavuma, vifuko vya ua vikapasuka, mbegu zikatapakaa nyufani. Ua likacheka kwa furaha. Mama Kanga akapiga kigelegele, kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tunaozesha watoto wetu kwa kuua watoto wa mwenzetu! Pimbi mwanangu, mke umepata."

Wakaoana papo hapo, ngoma ikalia, hata nyuki wakacheza. Tangu siku ile wachumba hupanda na wakwe zao, hutazama maua, kisha hushuka. Na jabali likawa jekundu tena.

Ndiyo maana nasema: mwenye kupenda hang'oi. Hadithi yangu imeteremka mlimani. Ikiwa tamu ibebeni nyumbani, ikiwa chungu niachieni nitafune mwenyewe.