Zamu za Maji Zilizokaa Kichwani mwa Mzee Mrutu

Soma hii mpaka mwisho, kisha mtumie yule jamaa yako anayesema kwamba hakimu akimnyima mtu dhamana basi ameshanunuliwa. Sisi tulisema hivyohivyo. Leo tunatembea vifua mbele kwa sababu ya hakimu yuleyule.

Kijiji chetu kiko mlimani na kinaishi kwa ndiva, bwawa la pamoja ambalo maji yake hufunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Kwa miaka ishirini na mitatu aliyegawa zamu alikuwa Mzee Mrutu. Hakuandika kitu. Zamu za kaya zote alizihifadhi kichwani, na hakukosea hata siku moja. Tuliringa naye mbele ya vijiji jirani.

Asubuhi moja mkulima mwenzetu Mgonja, mtu mpole anayeishi peke yake, alikutwa kando ya mfereji, kichwa kimepasuliwa kwa mpini wa jembe. Alipozinduka hospitalini alisema alipigwa kwa nyuma, na alipoanguka aliona koti la mvua la kijani likienda zake. Kijijini lilikuwepo koti moja tu la namna hiyo, nalo lilikuwa la Mzee Mrutu. Polisi wakamchukua.

Siku ya kuomba dhamana, Sefania, mdogo wake Mzee, alitukusanya kwenye lori.

"Twendeni wote," alisema. "Hakimu akiona kijiji kizima kimesimama, atalegea mwenyewe."

Tulikuwa watu arobaini na mmoja, tumevaa nguo za Jumapili. Wadhamini walipoitwa tulisimama wote kwa mpigo, na nakiri tulijisikia vizuri sana.

Hakimu Mchome, mama mfupi mwenye miwani, alitutazama wote. Kisha akamgeukia karani.

"Nisomee majina ya mashahidi wa mashtaka."

Karani akasoma majina manne.

"Kuna yeyote kati yao humu ndani?"

Mikono minne ikainuka, mmoja baada ya mwingine, yote kutoka kundi letu la wadhamini. Kwa haraka zetu za kuonyesha umoja, tulikuwa tumewapakia mashahidi kwenye lori pamoja na sisi. Hata askari wa mlangoni alicheka.

"Nyinyi ndio mlioona, na nyinyi ndio mnaomdhamini?" Hakimu akauliza.

"Ni Mzee wetu, Mheshimiwa," mmoja akajibu.

Hakimu akamwangalia mshtakiwa. "Mzee, hawa wanapewa maji na nani?"

"Na mimi, Mheshimiwa."

"Zamu zimeandikwa wapi?"

Mzee Mrutu akagusa paji la uso wake, kwa fahari kabisa. "Hapa."

"Maji yangekuwa yanafunguliwa kwa ufunguo, ningeuchukua ufunguo huo, nikakuacha ukalale nyumbani kwako," Hakimu akasema. "Kichwa siwezi kukichukua. Sijasema una hatia. Ila sitaki mashahidi hawa wasimame mbele yangu huku wakiwaza maharage yao yatakosa maji. Dhamana nimeikataa mpaka watakapotoa ushahidi. Nitawasikiliza baada ya wiki mbili."

Tulitoka tukimsema vibaya, kwa sauti ya chini maana askari walikuwa karibu. Sefania alimsema kuliko wote.

Siku ya tatu bwawa lilijaa na hakuna aliyejua ni zamu ya nani. Tukakutana shuleni. Kila kaya ikataja siku iliyoikumbuka kuwa yake, waliogongana wakabishana mpaka wakapatana, na mwalimu mkuu, Bi Nakijwa, akaandika zote ubaoni. Ubao tukaupigilia pale bwawani, chini ya bati. Maji yakatoka, na hakuna kaya iliyolalamika. Siku hiyo nilifungua zamu yangu bila kumwomba mtu, na sioni haya kusema kwamba nilijiona mrefu.

Wiki mbili zikapita. Shahidi wa kwanza akaitwa, akala kiapo. Shahidi huyo ni mimi ninayekuandikia.

"Niliyemwona si Mzee Mrutu," nilisema. "Ni Sefania, amevaa koti la kaka yake. Alikuwa akiiba maji ya watu, na Mgonja alipokaribia akampiga kwa nyuma kabla hajamwona uso."

Mahakama nzima ikaguna. Wenzangu watatu walioitwa baada yangu wakasema hayohayo.

"Mbona polisi hukuwaambia?" Hakimu aliniuliza.

"Niliwaambia nimeona koti, Mheshimiwa. Uso sikuutaja."

Mzee Mrutu akainuka kizimbani bila ruhusa. "Mwanangu, kwa nini hukuja kwangu?"

"Ningekuja vipi, Mzee? Sefania ni mboni ya jicho lako, na maji yangu yalikuwa kichwani mwako."

Mzee akakaa. Akajifuta macho kwa kofia yake, na Hakimu akamwacha ajifute.

Sefania alikamatwa stendi siku hiyohiyo akiwa na begi mkononi. Alipoomba dhamana alinyimwa, na safari hii hakuna aliyemsema Hakimu vibaya. Mzee Mrutu akafutiwa mashtaka, akarudi nasi kwenye lori lilelile.

Alipofika kijijini hakwenda kwake, alikwenda moja kwa moja bwawani. Tukamfuata kwa wasiwasi, tukijua ataung'oa ubao ule. Aliusoma kaya kwa kaya mpaka chini. Kisha akaomba chaki.

"Mmemsahau mtu," alisema.

Akaandika kwa mkono wake jina la yule aliyekuwa hospitalini tulipotaja zamu: Mgonja, Alhamisi. Akamrudishia Bi Nakijwa chaki, akaenda nyumbani kupumzika. Ubao huo bado upo. Wageni wakija tunawapeleka kuuona, na Mzee Mrutu ndiye anayetangulia njiani.

Funzo: Hakimu anayekunyima dhamana hajakuita mhalifu, huenda anamlinda mtu anayeogopa kusema, na neno la mtu huyo huenda ndilo litakalokuweka huru.