Utando Mchoyo

Mwenye kutaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sirudii nyuma.

Kijiji kimoja cha Pemba kilikuwa na wanawake watatu, na kila mmoja Mungu alimpa lake. Mize alikuwa fundi wa mwani. Wenzake waliukausha wakauza. Yeye aliuchemsha, akauchuja kwa kitambaa, akapata utomvu safi unaoganda, ukiweka kidole nyuma yake unakiona. Bi Kazija alipika mafuta ya makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Moto ukizidi kidogo tu, pua yake ishamwambia. Wa tatu ni Rahika, mwalimu wa kemia, mwembamba, maswali mengi kuliko adabu. Kipaji chake kilikuwa kujua kitu kimeshikanaje na kingine, na namna ya kukifanya kiachie.

Basi Hidaya, mwenye mimba changa, akakanyaga chupa iliyovunjika. Kidonda kikaoza. Hospitali walimpa dawa, wakambadilishia, wakampa kali zaidi. Vijidudu vishazizoea zote. Daktari hakuzunguka: "Usaha huu ukipanda, bibie, nitaukata mguu nikuokoe wewe na mtoto."

Hidaya akalia, kisha akaapa mbele ya mama mkwe wake: "Atakayeniponya mguu huu, nikijifungua mtoto wa kike atachukua jina lake."

Kwetu hilo si jambo dogo. Mtoto mwenye jina lako ni somo wako. Atakuja kwako kabla ya kuitwa, na siku ukifa jina lako litaendelea kupigiwa kelele uani.

Bi Kazija ndiye aliyetangulia. Akadondosha mafuta kidondani. Hidaya akapiga yowe kuku wakatawanyika! Vijidudu vilikufa, lakini na nyama iliyo salama iliungua, na kufika alasiri hata harufu ya karafuu haikuwepo. Usaha ukarudi.

"Mafuta yako yana pupa, Bi Kazija," Hidaya akasema. "Yanafanya kazi yote asubuhi, kisha yanaenda zao."

Akaja Mize, akatandaza utomvu wake uliokauka mwembamba kama ganda la kitunguu. Ulikuwa baridi. Hidaya akalala usingizi aliousahau. Kumbe na vijidudu vimelala.

"Umevitandikia godoro, mwenzangu," Bi Kazija akamcheka.

Wakajaribu kuchanganya. Mafuta yakaelea juu, kama mchuzi uliolala.

Hapo Rahika akasema, "Nipeni vyote viwili."

"Uvipeleke wapi?"

"Maabara ya skuli. Utomvu huu ni nyuzi ndefu zilizofungamana, lakini hazina pa kushikia mafuta. Nitazibadilisha, nizitie vishikizo."

Akaharibu chungu kizima. Mize akachemsha kingine. Akaharibu na hicho. Bi Kazija akapika mafuta upya huku akimtukana, lakini alipika, na hakupunguza ukali wa macho juu ya moto. Mwisho Rahika akatoka na utando mmoja wenye harufu ya karafuu kwa mbali tu.

"Mafuta yangu yako wapi?" Bi Kazija akafoka.

"Yamo. Kila kishikizo kimeshika tone lake. Majimaji ya kidonda yakiukuta, vinaachia kimoja kimoja. Nimeufundisha uchoyo, Bi Kazija. Utatoa kidogo leo, kidogo kesho, kama mama mkwe anavyotoa sukari."

Mama mkwe wa Hidaya alikuwepo. Akaguna tu.

Daktari hakukubali maneno. Aliujaribu kwanza juu ya vijidudu vilivyotoka kwenye kidonda chenyewe, akaviona vimekufa, ndipo akamfunga Hidaya kwa mkono wake. Akawa anaufungua utando, anaweka mwingine. Uvundo ukaondoka. Nyama nyekundu ikaja, ngozi ikafunga. Daktari akauminyaminya mguu, akacheka. "Nenda kajifungue."

Akajifungua mtoto wa kike.

Siku ya akika, mtoto anapochinjiwa na kutajwa jina, watu wamejaa, mbuzi kalazwa, mchinjaji ana kisu mkononi. "Jina la mtoto?"

Mize akasema taratibu, "Mimi sina mtoto. Na bila utomvu wangu mngeyashika mafuta kwa kitu gani?"

"Kwa ukucha!" Bi Kazija akamkatiza. "Kilichoua vijidudu ni changu. Utando wako bila mafuta ni uji uliopoa. Wajukuu ninao wengi, na hakuna hata mmoja mwenye jina langu, eti la kizamani."

"Mwani na karafuu vimekuwepo hapa tangu bibi zenu," Rahika akasema, "na miguu ikikatwa."

"Na wewe bila vyetu ungetia vishikizo kwenye nini, mwalimu? Kwenye chaki?" Bi Kazija akamrushia.

Mtu mmoja akashauri mtoto apewe majina yote matatu. Mama mkwe akamgeukia. "Mjukuu wangu si kibao cha duka. Jina ni moja, na aliyeapa ni Hidaya."

Hidaya akasimama na mtoto kifuani, miguu yote miwili chini. Akamtazama Mize, akamtazama Bi Kazija, akamtazama Rahika. Hakuna aliyekuwa akimtazama yeye; wote watatu macho yalikuwa kwa mtoto.

Mchinjaji akauliza mara ya pili.

Haya, nyinyi mliokodoa macho, msinitazame mimi. Ungekuwa wewe ndiye Hidaya, na kisu kinangoja, ungetaja jina la nani?