Okidi ya Bi Komba Iliyobanwa Chunguni

Hadithi, hadithi! Sijameza hata funda la kwanza la chai, mshaanza. Bibi hadithi, Bibi hadithi. Na baba zenu wamekaa pale mlangoni wanajifanya wanachambua mchicha, kumbe masikio yote huku. Haya. Nasema mara moja tu. Atakayesinzia asiniulize kesho ilikuwaje.

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti? Na wali mmekula sahani mbili mbili! Paukwa!

PAKAWA!

Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa wakialikana harusi na kusutana kama sisi, alikuwako Bi Komba. Macho makubwa, mkia mrefu, na mkono mgumu kuliko kifuu. Mjane. Alikuwa na binti mmoja, Mize. Na alikuwa na ua moja, okidi, ndani ya chungu cha udongo.

Okidi si mchicha. Kwao ni juu ya miti. Imeshika gome, mizizi inapigwa upepo. Ukiipanda chunguni, unaitilia magome na vipande vya mkaa, basi.

Sasa, kwa akina Komba, bibi harusi hatoki mlangoni bila ua la okidi ya kwao kichwani. Ua hakuna, harusi hakuna. Na okidi ya Bi Komba ilikuwa na miaka miwili haijatoa hata kijichipukizi. Ilikuwa imebanwa. Mizizi imejaa chungu, imezunguka, imezunguka, imezunguka, mingine imepanda ukingoni inachungulia nje kama wapangaji waliokosa chumba.

Shangazi wa bwana harusi akaja kutazama. Akatazama chungu. Akamtazama Bi Komba.

"Mkwe, hilo ua ni lini?"

"Karibu, mkwe wangu."

"Karibu ya mwaka jana, au karibu ya mwaka huu? Sisi tunangoja msimu mmoja. Lisipotoka, kijana wetu ana macho, ataona kwingine."

Akaondoka. Hata uji hakumaliza.

Mize akalia, kwi kwi kwi. Mama yake akasema, "Usinililie. Nitamwita fundi."

Fundi wa mizizi nchi nzima alikuwa mmoja, Nungunungu. Akaja, chaka-chaka-chaka, miiba inagongana. Akakizunguka chungu. Akakigonga, ko ko ko.

"Bi mkubwa, chungu hiki kivunjwe. Mizizi mibovu, ile laini ya kahawia, ikatwe. Migumu ibaki. Kisha chungu kipya, magome mapya. Kazi ya asubuhi moja. Ujira wangu kapu moja la viazi vitamu."

"Kapu zima? Fundi, unakata mizizi au unanichimbia kisima?"

"Basi nusu kapu."

"Nusu ya nini? Mshona nguo anachukua vitambaa vilivyobaki. Seremala anachukua vipande vya mbao. Wewe nawe chukua mabaki yako. Kila mzizi utakaoukata ni wako."

Nungunungu akachungulia tena chunguni. Akasema, "Nimekubali."

Nyinyi, nungunungu anakula nini?

Mizizi!

Haya. Nyinyi watoto mnajua. Bi Komba, mtu mzima na meno yake, alisahau. Alikuwa ameokoa kapu la viazi, furaha ikamjaa kichwa kizima, akili ikakosa pa kukaa. Akaenda zake jikoni, anaimba.

Fundi akavunja chungu. Pwaa! Akaanza vizuri, lazima nimpe haki yake. Mzizi wa kwanza, kahawia, umelainika. "Huu umeoza." Kacha! Mdomoni. Mzizi wa pili, vilevile. Kacha! Wa tatu ulikuwa nusu kwa nusu. "Huu nao una dalili." Kacha! Wa nne mweupe, mgumu, mzima kabisa. Akaunusa. Akaugeuza. Akaunusa tena.

"Huu haujaoza. Lakini una nia."

Kacha!

Wa tano: "Huu unamtazama mwenzake vibaya." Kacha! Wa sita hakuupa hata sababu. Kacha, kacha, kacha!

Mize akachungulia. "Mama! Fundi anakula!"

"Mwache, mabaki yake hayo."

"Mama, anakula yote!"

Bi Komba alipofika mbio, umebaki mzizi mmoja, mfupi kama kidole gumba. Nungunungu anajifuta mdomo.

"Fundi! Umefanya nini?"

"Nimekata mibovu, bi mkubwa."

"Na huo?"

"Huo ndio mzima. Nimeubakisha kwa uaminifu."

Bi Komba akaanguka chini, akajipiga kifua. Mize hakulia. Machozi yalikwisha tangu ile siku ya shangazi. Akaiokota okidi, akachukua kamba ya mgomba.

"Fundi, chungu kipya kiko wapi?"

"Sikuja nacho."

"Umekuja nacho."

Akaiweka okidi mgongoni pa fundi, katikati ya miiba. Akafunga. Kaza, kaza, kaza!

"Hapa pana hewa, na maji yanapita. Utakaa uani kwetu mpaka ua litoke."

Nungunungu akacheka. "Na nikikimbia?"

"Ukimbilie wapi? Shimoni? Mlango wa shimo lako ni mdogo, okidi itavunjika. Nitamwambia shangazi wa bwana harusi ni nani kaivunja. Ana jamaa kumi na saba, na wote wana kucha."

Nungunungu akakaa.

Asubuhi anamwagiwa maji, chwaa! Kugaagaa, marufuku. Kuingia shimoni, marufuku. Na mizizi ikaota. Mmoja, mitatu, kumi. Anaisikia inavyotambaa. Anaisikia harufu yake, mizizi mibichi, mitamu, shibri moja tu kutoka puani, na mdomo haufiki. Akigeuka kulia, nayo inageuka. Akigeuka kushoto, nayo imo. Majirani walidhani amejifunza ngoma.

Na fundi asiyeweza kuchimba, nani anamlisha? Bi Komba! Kapu la viazi Jumatatu. Kapu la viazi Alhamisi. Yeye aliyekataa kutoa nusu kapu alilisha mgongo ule msimu mzima, na kila kapu alilisindikiza kwa macho.

Siku moja, kichipukizi. Siku nyingine, ua! Jeupe, pana, limetulia. Shangazi akaja, akatazama, akainama karibu.

"Mkwe, chungu chenu kinapumua?"

"Ndivyo vya siku hizi, mkwe wangu."

Mize akalikata ua, akalichomeka kichwani, akatoka mlangoni. Vigelegele! Huyo akaolewa.

Wageni walipokwisha kwenda, Nungunungu akasema, "Sasa nifungueni." Wakaifungua kamba. Okidi haikutoka. Wakavuta. Haikutoka. Okidi ikishika, imeshika, haiulizi imeshika nini.

Funzo ni hili, na silirudii. Fundi mpe ujira wake. Ukimwambia ale mabaki, kazi yote itakuwa mabaki. Na wewe fundi, kata kilichooza tu.

Hadithi yangu inakaa chini hapa. Nungunungu yeye hakuweza kukaa kwa siku nyingi. Okidi ilipong'olewa mgongoni kwa nguvu, alilipa miiba thelathini na tisa. Kila mwiba uling'oka na mzizi wa okidi ulioushika, mweupe, mgumu, mzima, na hakuruhusiwa kulamba hata mmoja.